Mapadri Weupe: jina lililotoka Algeria, nchi ya Waislamu

Kwa msikilizaji wa Tabora, Kigoma, Katavi, Rukwa au Kagera, jina la Mapadri Weupe si geni. Parokia nyingi kongwe za upande huu wa nchi zilianzishwa na wao, pamoja na shule na zahanati. Wapo wanaodhani waliitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya ngozi. Sivyo. Weupe huo ni wa kanzu, na kanzu yenyewe haikutoka Ulaya. Ilitoka Algeria, nchi ya Waislamu kaskazini mwa Afrika.

Katika makala hii tunaeleza walichokutana nacho huko, kwa nini mkuu wao mwenyewe aliwazuia kutafuta waongofu, na gharama ambayo baadhi yao waliilipa.

Walianzia wapi?

Ufaransa ilianza kuivamia Algeria mwaka 1830. Hilo ni jambo la kulikumbuka tangu mwanzo, maana padri aliyefika baadaye alifika nyuma ya askari. Kwa mwenyeji wa Algeria, msalaba na bendera ya mkoloni vilikuja katika meli moja.

Mwaka 1867 Charles Lavigerie, Mfaransa, alifika kuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Alikuta nchi imo katika mateso. Ukame, nzige na kipindupindu vilifuatana, kisha ikaja njaa kubwa ya 1867 na 1868. Watoto wengi walibaki bila wazazi. Lavigerie aliwakusanya zaidi ya 1,000, akawalisha na kuwatibu. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka 1869 likafuata la masista.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Gavana Mkuu wa Algeria, Mac-Mahon, alitaka watoto warudishwe kwa koo zao. Lavigerie alikataa. Serikali ilihofia ghasia, kwa sababu kwa Waislamu jambo lilikuwa wazi: mtoto aliyefiwa na wazazi ana ndugu na ana dini yake, na njaa isiwe mlango wa kumtoa kwao. Lavigerie aliona kuwa mtoto aliyeokolewa na kifo hawezi kurudishwa mahali asipo na wa kumlisha. Baadhi ya yatima hao walipokua walioana na kupewa ardhi katika vijiji vya Wakristo alivyovianzisha yeye. Waliishi humo wakiwa wametengana na jamii walimozaliwa.

Kwa nini kanzu na tarbushi?

Lavigerie aliwaamuru mapadri wake waishi kama wenyeji kadiri inavyowezekana: wale chakula chao, waseme lugha yao, wavae mavazi yao. Ndiyo maana wakavaa kanzu nyeupe ya Kialgeria na joho jeupe juu yake, pamoja na tarbushi nyekundu kichwani. Shingoni walivaa rozari, mfano wa tasbihi ya watu wa dini wa kule.

Aliweka pia sharti kwamba wasikae chini ya watatu katika kituo kimoja. Aliyeishi peke yake ugenini angeweza kuugua bila wa kumtazama, au kukata tamaa bila wa kumshauri.

Kwa nini walizuiwa kutafuta waongofu?

Mwaka 1873 walianza kazi katika milima ya Kabylia, mashariki mwa Algiers, kwa Waislamu wanaosema lugha ya Kiberberi. Huko Lavigerie aliwakataza kushawishi watu wabadili dini. Kazi yao iwe kujifunza lugha, kutibu wagonjwa na kufundisha watoto.

Sababu yake ilikuwa ya watu wanaojua maisha ya kijiji. Mtu mmoja akibadili dini peke yake katika jamii ya Kiislamu, hapotezi msikiti tu. Anaweza kupoteza mke, urithi, marafiki, hata mahali pa kuzikwa. Padri akishambatiza hawezi kumrudishia vitu hivyo. Lavigerie aliona ni afadhali kungoja, hata kama kungoja kutachukua miaka mingi sana.

Kwa kijana aliyetoka Ulaya akitaka kubatiza, agizo hili lilikuwa gumu. Angeweza kukaa kijijini miaka 20, akajua kila nyumba na kila ugonjwa, bila kuandika jina hata moja katika kitabu cha ubatizo. Wenyeji nao walimpokea kwa jinsi yao: dawa waliikubali, shule waliikubali baadhi yao, dini yao wakabaki nayo.

Jangwa la Sahara lilikuwa kali zaidi. Mwaka 1876 mapadri watatu waliokuwa njiani kwenda Timbuktu waliuawa jangwani. Mwaka 1881 wengine watatu waliuawa karibu na Ghadames, katika nchi ambayo leo ni Libya.

Huku kwetu walifikaje?

Wakati wakikwama upande wa Sahara, njia nyingine ilifunguka. Mwaka 1878 wamisionari 10 walisafiri kwa meli kutoka Marseille, Ufaransa, wakapitia Zanzibar na kushika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Hapo waligawanyika. Wengine walikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine wakaelekea Ziwa Victoria na kufika Uganda mwanzoni mwa 1879. Walivaa kanzu zilezile za Algeria.

Wazee wetu wanakumbuka mafundisho ya ubatizo yaliyochukua miaka minne. Hiyo pia ilikuwa amri ya Lavigerie, aliyetaka mtu apewe muda wa kujua anachokiingia.

Yupo mtu mmoja anayeunganisha Algeria na Tanzania kwa maisha yake. Ni Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa kama mtumwa, na kukombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Walimsomesha udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Ni karibu miaka 70 ya kutibu watu mahali pamoja.

Baada ya uhuru ilikuwaje?

Vita vya uhuru wa Algeria vilianza 1954 na kumalizika 1962. Askofu Mkuu wa Algiers wakati huo, Léon-Étienne Duval, alilaani mateso waliyofanyiwa wafungwa. Walowezi wa Kifaransa walikasirika wakambandika jina la dhihaka, "Mohamed Duval". Uhuru ulipopatikana walowezi wengi waliondoka. Yeye alibaki, akawa raia wa Algeria.

Kanisa lilibaki dogo sana, na mwaka 1976 shule zake zikataifishwa. Mapadri na masista waliobaki waliendelea na maktaba, zahanati na masomo ya ziada kwa vijana, ambao karibu wote walikuwa Waislamu.

Miaka ya 1990 ilileta vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makundi yenye silaha yaliwataka wageni waondoke. Wengi wa watawa walichagua kubaki na majirani zao, ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Tarehe 27 Desemba 1994 Mapadri Weupe wanne waliuawa nyumbani kwao Tizi Ouzou, mji wa Kabylia. Watu wa mji, Waislamu, walifurika kwenye mazishi. Mwaka 1996 watawa saba wa Tibhirine walitekwa na kuuawa. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo bomu lilimuua Askofu Pierre Claverie wa Oran pamoja na dereva wake, Mohamed Bouchikhi, kijana Mwislamu.

Ni haki kusema kwamba waliokufa wengi katika vita hivyo walikuwa Waislamu wa Algeria wenyewe: wanakijiji, waandishi wa habari, walimu, hata maimamu waliokataa kubariki mauaji. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilipowatangaza wenyeheri watu wake 19 waliouawa, ibada ilifanyika Oran, ndani ya Algeria.

Leo hali ikoje?

Katiba ya Algeria inautaja Uislamu kuwa dini ya taifa. Sheria ya 2006 inamtishia kifungo cha miaka miwili hadi mitano anayemshawishi Mwislamu abadili dini, na inataka ibada zifanyike mahali palipoidhinishwa. Kwa miaka ya karibuni makanisa mengi ya Kiprotestanti ya wenyeji, hasa Kabylia, yamefungwa na serikali. Katika makanisa ya Kikatoliki, sehemu kubwa ya waumini ni wanafunzi kutoka nchi za kusini mwa Sahara.

Juu ya kilima mjini Algiers lipo kanisa la Mama Yetu wa Afrika, lililotabarukiwa 1872. Ukutani nyuma ya altare kuna maandishi yanayomwomba Bikira Maria awaombee Wakristo na Waislamu. Wageni wake wengi leo ni Waislamu, na wapo wanaoliita kwa mazoea Lalla Meriem, yaani Bibi Mariamu.