MSAIPRESI WA KRISMASI UDUMU HADI BABA ARUDI ZAMU

Katika Uganda na Kenya, nyumba nyingi hupambwa kwa tawi la msaipresi wakati wa Krismasi. Mti huu, ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, hubaki kijani mwaka mzima. Lakini tawi likishakatwa huanza kukauka siku hiyo hiyo, na Desemba ni mwanzo wa kiangazi katika sehemu nyingi za Uganda. Askari aliye zamu siku ya sikukuu huenda akarudi kwake akakuta vijiti vitupu.

Jambo la kwanza ni kupata ruhusa ya mwenye mti. Tawi likatwe alfajiri, nalo lisiachwe juani. Kabla ya kulisimamisha, kitako chake kikatwe tena kiasi cha sentimita 2 au 3, kwa sababu utomvu huziba njia za maji. Kisha litiwe mara moja katika ndoo ya maji, likazwe kwa mawe lisianguke. Maji matupu yanatosha. Sukari haina faida. Yaongezwe asubuhi na jioni, kitako kisikae kikavu.

Liwekwe mbali na dirisha lenye jua, mbali na jiko, na hasa mbali na mshumaa na kibatari. Msaipresi mkavu huwaka ghafula, na nyumba nyingi za kambini zimeungana: moto wa mmoja ni moto wa wote. Majani yakipukutika kwa kuguswa tu, tawi litolewe nje bila kungoja mwaka mpya. Tahadhari kabla ya hatari.