Mwosha magari wa mtaani na soko la intaneti

Vituo vidogo vya kuoshea magari vimekuwa sehemu ya sura ya jiji la Dar es Salaam. Kuanzia Sinza hadi Tabata, na kuanzia Mwenge hadi Kimara, ni vigumu kupita barabara yenye shughuli nyingi bila kuona mashine ya presha ikinguruma, vijana waliovaa mabuti ya mpira na gari lililofunikwa povu. Ni biashara isiyohitaji mtaji mkubwa, na kwa sababu hiyo ushindani wake ni mkali. Kituo kimoja kikianza kupata wateja, kingine hufunguliwa hatua chache mbele yake.

Katika mazingira hayo, wamiliki wengi wamegeukia intaneti ili kujitangaza. Hata hivyo, si wachache wanaoanzia mahali pasipo na faida. Humlipa kijana anayejua kompyuta awafungulie ukurasa wa Facebook au Instagram, na baada ya hapo kipimo cha mafanikio huwa ni idadi ya wafuasi. Wapo hata wanaotoa fedha kununua wafuasi hao. Lakini mfuasi aliyeko Mwanza hawezi kuleta gari lake Sinza likaoshwe, na yule wa kununuliwa mara nyingi si mtu kabisa, bali ni akaunti iliyotengenezwa ili kuongeza hesabu.

Kuosha magari ni biashara ya ujirani. Mwenye gari hawezi kuvumilia foleni ya Ubungo kwa ajili ya povu tu. Wateja wa kituo ni watu wanaoishi eneo hilo, wanaofanya kazi hapo, au wanaopita hapo kila siku asubuhi na jioni. Kwa hiyo, swali ambalo mmiliki anapaswa kulijibu kwa msaada wa intaneti ni dogo na la wazi: mtu aliye umbali wa dakika 10, ambaye gari lake limechafuka leo, atajuaje kwamba kituo hiki kipo na kiko wazi?

Jibu la kwanza ni ramani. Kampuni ya Google huruhusu biashara yoyote yenye mahali pa kufanyia kazi kuorodheshwa katika ramani yake bila malipo. Huduma hiyo ilizinduliwa mwaka 2014 kwa jina la Google My Business, na tangu Novemba 2021 inaitwa Google Business Profile. Mmiliki hujaza jina la kituo, aina ya kazi, saa za kufungua na kufunga, namba ya simu na mahali kilipo, kisha hutakiwa kuthibitisha kuwa kituo ni chake. Mara nyingi uthibitisho huo hufanywa kwa kupiga video inayoonyesha barabara, bango na vifaa vya kazi.

Google yenyewe inaeleza kuwa mpangilio wa majina yanayomtokea mtafutaji hutegemea mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali wake kutoka alipo mtafutaji, na jinsi inavyofahamika. Umbali hauwezi kubadilishwa na mtu, lakini hayo mengine mawili yako mikononi mwa mmiliki. Kituo kinachoosha pia mazulia na viti vya sofa kiseme hivyo. Kinachopokea Hiace, malori madogo au bajaji kiseme hivyo pia. Jina nalo liwe lilelile lililoandikwa kwenye bango. Baadhi ya watu huongeza katika jina maneno kama "bei nafuu" au "bora kuliko vyote" wakidhani watatangulia wenzao. Hilo ni kinyume cha kanuni za huduma hiyo na linaweza kusababisha kituo kuondolewa katika ramani.

Mahali penyewe pa kuweka alama katika ramani panahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba. Pamoja na hayo, wakazi wa jiji bado huelekezana kwa kusema "nyuma ya sheli" au "mkabala na msikiti", na hakuna ubaya kuandika maelekezo yote mawili. Jambo la hatari ni kuweka alama upande usio sahihi wa barabara. Katika Barabara ya Morogoro, yenye njia za mabasi ya mwendokasi katikati, dereva aliyepotoshwa upande hulazimika kwenda mbali kabla ya kupata mahali pa kugeuzia. Wengi hawatageuza. Wataosha gari kwa mtu mwingine, na mmiliki hatajua kamwe kwamba alimpoteza mteja.

Baada ya ramani huja imani. Anayekabidhi funguo za gari kwa mgeni ana hofu zake, ingawa hazisemi: rangi kukwaruzwa, maji kuingia katika mfumo wa umeme wa injini, fedha au miwani kupotea kwenye droo ya dashibodi. Picha ya gari linalong'aa haijibu hofu hizo. Picha zenye manufaa zaidi ni za wafanyakazi wakiwa na sare, za daftari ambalo vitu vilivyomo garini huandikwa kabla ya kazi kuanza, na za kivuli na viti vya wateja wanaosubiri. Bei pia ziandikwe kulingana na ukubwa wa gari, kwa kuwa mtu asiyeona bei hudhani ataongezewa akifika.

Namba za magari zifichwe katika picha zinazopakiwa, au mwenye gari aombwe ruhusa kwanza. Si kila mtu angependa ijulikane alikuwa wapi siku ya kazi saa tano asubuhi.

Maoni ya wateja na nyota wanazotoa yana uzito wake, na hapo ndipo kishawishi kikubwa kilipo. Kumpa mteja punguzo ili aandike sifa ni kinyume cha kanuni za Google, sawa na kuwaagiza ndugu na marafiki waandike sifa za uongo. Njia halali ni kumwomba kila mteja, aliyeridhika na asiyeridhika, aandike alichokiona. Lalamiko likitokea lijibiwe kwa maneno machache na ya heshima, likieleza kilichofanyika kurekebisha. Wasomaji wa baadaye hupima zaidi jibu kuliko lalamiko lenyewe. Mmiliki anayegombana na mteja hadharani hujiharibia mwenyewe.

Kwa wateja wa kudumu, chombo kinachofaa ni WhatsApp Business, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018. Humwezesha mmiliki kuonyesha orodha ya huduma na bei, na kutuma jibu la moja kwa moja anapokuwa kazini. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuwakusanya wateja wote katika kundi moja, ambako kila mmoja huona namba ya mwenzake. Orodha ya kutumia ujumbe kwa wengi ni bora, ingawa ujumbe huo humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya kituo katika simu yake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Namba iliyotolewa ili mteja apigiwe gari likiwa tayari haikutolewa ili auziwe viwanja.

Matangazo ya kulipia yana nafasi yake, lakini yatanguliwe na hesabu. Tuchukue kituo chenye mashine mbili, ambapo kila gari huchukua nusu saa. Kwa saa 10 za kazi, hakiwezi kuzidi magari 40, hata kama wafanyakazi hawatapumzika. Ikiwa Jumamosi tayari foleni imefika barabarani, tangazo la kuita watu zaidi siku hiyo ni fedha za kununulia malalamiko. Tangazo lielekezwe siku za Jumanne na Jumatano asubuhi, wakati mashine zimekaa kimya, na lionyeshwe kwa watu walio ndani ya kilomita chache tu kutoka kituoni. Facebook humruhusu mtangazaji kuchagua eneo hilo katika ramani.

Hali ya hewa na maji nayo iwe na sauti katika matangazo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hakuna anayelipa kuosha gari huku wingu limetanda, bali siku mvua inapokatika na matope yamekauka. Ujumbe wa asubuhi hiyo moja huleta wateja kuliko wa wiki nzima. Oktoba 2022, DAWASA ilipotangaza mgawo baada ya maji ya mto Ruvu kupungua, vituo visivyo na kisima au matangi ya kutosha vilikuwa na sababu ya kuwaarifu wateja mapema. Anayefika na kukuta mashine imezimwa, huku ramani ikisema kituo kiko wazi, hatarudi kwa urahisi.

Linabaki suala la umiliki, ambalo hukumbukwa pale mambo yanapoharibika. Ukurasa uliofunguliwa kwa barua pepe ya kijana wa kompyuta ni wa kijana huyo machoni pa kampuni ya mtandao. Akiondoka kwa ugomvi, huondoka na picha, maoni na wafuasi. Namba ya simu ni vivyo hivyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao makataa yake yalikuwa Januari 20, 2020, laini ni ya yule ambaye kitambulisho chake cha taifa kilitumika. Msimamizi aliyesajili laini ya kituo kwa jina lake anaweza kuihamishia kituo cha jirani, pamoja na wateja wote walioihifadhi.

Kwa hiyo, laini isajiliwe kwa jina la mmiliki au la kampuni, barua pepe iwe ya biashara, na mfanyakazi apewe nafasi ya msimamizi wa ukurasa badala ya nywila yenyewe. Katika Google na Facebook, nafasi hiyo hutolewa na kuondolewa na mwenye akaunti kwa dakika chache, bila kupoteza chochote kilichokwisha kuandikwa.