Rimoti Mpya, Nyaya za Zamani

Academy of Model Aeronautics, chama cha warusha ndege ndogo nchini Marekani, kimeweka ukomo wa maili 200 kwa saa kwa ndege zenye injini ya tabaini. Hizo ni takriban kilomita 320 kwa saa, yaani mita 89 kila sekunde. Ndege yenyewe inaweza kuzidi kilo 15, imebeba lita kadhaa za mafuta ya taa, na rota ya injini yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mfumo wa kuiongoza ukizimika kwa sekunde mbili tu, ndege imeshakwenda karibu mita 180 ikiwa haina mwenyewe. Kwa sababu hiyo, kubadilisha redio na umeme katika ndege ya namna hii ni suala la usalama wa watu waliosimama uwanjani.

Jeti ndogo ya tabaini iliyoongozwa kwa redio ilirushwa Uingereza mwaka 1983, kazi ya Gerald Jackman na wenzake. Baadaye Mjerumani Kurt Schreckling akaonyesha kwamba fundi wa karakana ya nyumbani naye anaweza kuunda injini hiyo. Zama hizo redio zilitumia megahezi 35 Ulaya na megahezi 72 Marekani. Umeme wa ndani ya ndege mara nyingi ulitoka kwenye betri ya nikeli yenye seli nne, volti 4.8. Hatari iliyojulikana na kila mtu ilikuwa ya marubani wawili kuwasha rimoti kwenye chaneli moja. Ndiyo maana vilabu viliweka ubao wa chaneli, na mtu hakuwasha rimoti kabla ya kuchukua kibanio cha chaneli yake.

Katikati ya miaka ya 2000 zilikuja redio za gigahezi 2.4. Rimoti na kipokezi kilichomo ndani ya ndege hutambuana kwa namba yao wenyewe, na ugomvi wa chaneli ukaisha. Hata hivyo ndege ziliendelea kuanguka, na wengi wakailaumu redio mpya. Naamini mara nyingi lawama hiyo ilikosea njia.

Kipokezi cha kawaida cha megahezi 35 hakikuwa na kompyuta ndani yake. Volti ziliposhuka kwa kitambo kidogo, servo, yaani mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege, zilisita, kisha zikaendelea na kazi. Kipokezi cha gigahezi 2.4 kina kompyuta, na volti zikishuka chini ya kiwango chake, ambacho kwa vingi ni kati ya volti 3 na 3.5, kompyuta hiyo hujizima na kuanza upya. Katika miaka ya mwanzo, baadhi ya vipokezi vilihitaji sekunde kadhaa kabla ya kuipata tena rimoti. Rubani aliona ndege haimsikii, akasema signali imekatika, kumbe umeme ndio uliozama. Udhaifu wa betri, swichi na plagi ulikuwepo tangu zamani. Redio ya zamani iliuvumilia, redio mpya haikuuvumilia.

Servo nazo zilikuwa zimebadilika. Servo za kidijiti zina nguvu na kasi, lakini moja ikikabiliwa na upepo mzito inaweza kuvuta ampea kadhaa. Chukua waya wa milimita mraba 0.13 uliolazwa mita moja ndani ya bawa. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita mbili. Servo ikivuta ampea 4, karibu volti 1 hupotea njiani, na kati ya volti 6 zilizotoka kwenye betri, 5 ndizo zinazofika. Badala yake laza waya wa milimita mraba 0.33, na hasara inashuka hadi volti 0.4 hivi. Tofauti hiyo ni nguvu ya servo wakati ndege inapoinuliwa kutoka kwenye mbizo, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na rimoti ya kifahari.

Ndipo huja suala la kuwa na viwili viwili. Watengenezaji kama PowerBox wa Ujerumani wamejenga jina lao juu ya vifaa vinavyopokea betri mbili, kila moja na njia yake ya kudhibiti volti. Ni wazo zuri, ila huharibiwa na ufungaji. Betri mbili zinazopitia swichi moja ya kawaida ni sawa na nyumba yenye matangi mawili ya maji na bomba moja: bomba likiziba, wingi wa matangi hausaidii. Njia ya pili iwe ya pili tangu betri hadi kwenye kipokezi. Na betri ya kompyuta ya injini, inayoendesha pampu ya mafuta, ibaki peke yake. Isishirikishwe na servo hata kidogo.

Volti pia zinataka uangalifu. Betri ya lithiamu polima ya seli mbili iliyojaa ina volti 8.4. Servo za kisasa za volti za juu zinaimudu, lakini zile zilizoundwa kwa volti 6 zitaungua zisipowekewa kidhibiti. Betri za lithiamu chuma fosfeti, volti 6.6, ni tulivu, lakini volti zake hubaki palepale karibu mpaka chaji inapoisha. Anayezitumia ahesabu chaji anayorudisha baada ya kila kuruka, asitegemee kipima volti.

Antena nazo zisifichwe nyuma ya nyuzi za kaboni, kwa kuwa kaboni huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4. Ncha inayopokea, yenye urefu wa milimita 31 hivi, ikae mahali pa wazi, na antena mbili zielekezwe pande tofauti.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote hutokea siku ya kwanza baada ya matengenezo. Kipokezi kipya hakijui maagizo ya kile cha zamani. Kikiachwa kishikilie amri ya mwisho signali inapopotea, injini itaendelea kusukuma kwa nguvu ileile. Kompyuta ya injini nayo ifundishwe upya mahali pa chini na pa juu pa mafuta kwenye rimoti mpya. Kisha, kabla ya kuruka, mwombe mwenzako aishike ndege imara, washa injini, halafu zima rimoti kwa makusudi. Injini isipozimika, irudishe ndege garini, hata kama umesafiri mbali kufika uwanjani.