Waandishi wa maelezo ya mitambo wasidharauliwe

Mwanafunzi wa isimu akisema anataka kazi ya kuandika miongozo ya mitambo, wenzake humcheka. Huonekana kuwa amesoma miaka mingi ili aishie kuandika vijitabu vinavyotupwa pamoja na katoni. Dharau hiyo ilikuwa na udhuru zamani, maadamu mnunuzi wa kinanda cha umeme aliweza kuusoma mwongozo mbovu, akaguna, akautupa, kisha akabonyeza vitufe na kusikiliza mpaka akaelewa. Msomaji mpya wa miongozo hiyo hana masikio.

Nazungumzia programu za akili bandia zinazotumwa kutenda kazi kwa niaba ya binadamu, ambazo wataalamu huziita mawakala. Mwanamuziki huiambia programu kwa lugha ya kawaida, "Niongezee mwangwi kidogo katika sauti ya mwimbaji," nayo huchagua zana ifaayo na kupeleka amri kwenye mtambo. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol, unaowaunganisha mawakala na zana za namna nyingi. Katika utaratibu huo kila zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya watu, na kwa orodha ya vipimo inavyopokea. Aghalabu wakala hajui jambo jingine lolote kuihusu zana hiyo. Kisichoandikwa hakipo.

Tutazame mfano. Tangu 1983 vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali huzungumza lugha moja iitwayo MIDI, iliyoasisiwa na akina Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Ni lugha ya nambari, nyingi zikiwa kati ya 0 na 127. Amri nambari 7 hurekebisha ukubwa wa sauti. Nambari 64 ni kanyagio la kurefusha mlio, ambalo huhesabiwa limeachiliwa kuanzia 0 hadi 63 na limekanyagwa kuanzia 64 hadi 127. Mtu angedhani kwamba lugha ya nambari haina utata. La hasha! Noti 60 ndiyo C ya kati, lakini Yamaha huiita C3 ilhali wengine wengi huiita C4. Mwandishi akisema "zana hii hupokea jina la noti" na kunyamaza hapo, wimbo mzima waweza kupanda au kushuka oktavu moja. Kadhalika, mlio unaoonyeshwa kuwa wa 1 kwenye uso wa kinanda mara nyingi hupelekwa kama 0 ndani ya waya. Mpigaji huizoea tofauti hiyo kwa siku moja. Wakala ataikosea kila siku, kwa adabu kubwa, na kuripoti kwamba kazi imekamilika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Taarabu ya Unguja imerithi maqamu za Kiarabu, na zipo sauti zake zinazoangukia katikati ya noti mbili za kinanda, kama noti ya tatu ya maqamu ya Rast. MIDI ina amri ya kupinda sauti, yenye hatua 16,384, katikati ikiwa 8192. Kinanda kikiwekwa kupinda nusutoni 2 kila upande, hatua 2048 chini ya katikati hushusha sauti kwa robo toni, ndiyo inayotakikana. Kikiwekwa kupinda nusutoni 12, hatua zizo hizo huishusha kwa nusutoni 3, na Rast haitambuliki tena. Sentensi moja katika maelezo ndiyo inayoyatenganisha matokeo hayo mawili. Asiyewahi kusikia taarabu hataiandika. Hana uovu wowote. Hajui tu kwamba kuna la kuulizwa.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Darasani sisi hutoa mfano wa kadhi na hakimu. Siku hizi mfano ulio bora zaidi ni kitenzi "kusafisha" katika maelezo ya zana ya kurekodia: chaweza kuwa kuondoa mvumo, na chaweza kuwa kufuta kila kilichorekodiwa. Maelezo mema husema zana inatenda nini na haitendi nini, inapokea kipimo gani na kwa kizio kipi, na kama kitendo chake chaweza kutanguliwa. Hiyo ni kazi ya semantiki na pragmatiki hasa, nayo imeachiwa wahandisi wanaoiandika usiku wakiwa wamechoka.

Mitihani yetu ingali inawataka wanafunzi waainishe vielezi. Naam, waviainishe. Lakini mmoja wao apewe pia kinanda, aandike maelezo ya kitufe kimoja tu, na mwenzake aliye chumba cha pili, asiyekiona kinanda wala kukisikia, achague nambari za kupeleka. Alama zitolewe kwa mlio utakaosikika.