Umuuze mfungaji sasa au ungoje chipukizi akomae? Hesabu ya Lubumbashi

Tarehe 8 Novemba 2015, pale Kamalondo, Mbwana Samatta alifunga penalti na kuifungulia TP Mazembe njia ya ushindi wa 2-0 dhidi ya USM Alger, na Kunguru, kama Mazembe wanavyoitwa, wakabeba taji lao la tano la Afrika. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, akiwa kileleni mwa orodha ya wafungaji. Januari 2016 CAF ikamtangaza mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amesaini Genk ya Ubelgiji.

Mwezi Aprili Mazembe wakaonja gharama ya kuishi bila yeye. Mabingwa watetezi walifungwa 2-0 na Wydad nchini Morocco, wakatoka sare ya 1-1 Lubumbashi, wakaaga Ligi ya Mabingwa kabla hata ya hatua ya makundi. Wakashushwa Kombe la Shirikisho, na huko wakatwaa kombe mwezi Novemba. Kwa hiyo kumwachia mfungaji hakukuwaua, lakini hakukuwa bure.

Uamuzi wa namna hiyo unarudi kila dirisha la usajili, kwa Mazembe, kwa Lupopo na kwa timu ndogo za Katuba na Ruashi: mshambuliaji unayemtegemea ana ofa mezani, na pembeni yuko kijana anayesifiwa na kila mtu ila bado hajathibitisha. Hebu tulinganishe njia zilizopo, kila moja na bei yake.

Kwanza, muda uliobaki kwenye mkataba

Mashabiki hubishana juu ya mabao. Kiongozi wa klabu aanze na tarehe ya mwisho wa mkataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiingia miezi sita ya mwisho anaweza kusaini na klabu nyingine na kuondoka bila ada mkataba ukiisha. Mfungaji wa miaka 29 mwenye miaka miwili ya mkataba ni mali. Yule yule akibakiwa na miezi mitano ni mshahara tu.

Hapa ndipo soka linapotofautiana na hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ambako klabu mbili hubadilishana wachezaji pamoja na mikataba yao, na asiye na kifungu cha kumlinda hufungasha mizigo apende asipende. Kwetu mchezaji lazima akubali, tena akubaliane mshahara mpya. Kwa hiyo mpango wa "chukua mkongwe wangu, nipe chipukizi wako" unahitaji ridhaa ya pande nne: klabu mbili na wachezaji wawili. Mara nyingi hukwamia kwa mkongwe, ambaye hataki kupunguziwa posho. Mkifanikiwa, andikeni thamani ya kila mchezaji kwenye karatasi, maana bila hiyo mgawo wowote wa fedha za mauzo ya baadaye utageuka ugomvi.

Njia tatu kwa tarakimu

Tuchukue mfano; tarakimu za klabu hii ni za kupigia hesabu tu. Mfungaji wa miaka 29 analipwa dola 3,000 kwa mwezi na amebakiwa na mwaka mmoja. Kuna ofa ya dola 100,000. Chipukizi wa miaka 20 anauzwa dola 40,000 na mshahara wake ni dola 800.

Ukimbakisha mkongwe hadi mwisho, unalipa mshahara wa dola 36,000, unapata mabao yake, kisha anaondoka bure.

Ukiuza na kununua, unapokea 100,000, unatoa 40,000 za ada na 9,600 za mshahara wa mwaka. Zinabaki 50,400. Ukilinganisha na njia ya kwanza, umejiongezea dola 86,400, na kijana ni wako.

Ukimwazima kijana kwa mkopo wa msimu mmoja huku mkongwe akiwepo, unalipa mishahara miwili, dola 45,600, pamoja na ada ya mkopo kama ipo. Ndiyo njia inayoumiza mfuko mwaka huo, na ndiyo inayokupa taarifa nyingi kabla hujafunga biashara.

Kwa kutazama hizo tu, kuuza kunashinda. Lakini ongeza tarakimu moja ya kweli: mwaka 2023 CAF ilipandisha zawadi za Ligi ya Mabingwa, na hata timu iliyoishia hatua ya makundi ikawa inapata dola 700,000. Faida yetu ya 86,400 ni kama sehemu moja ya nane ya fedha hiyo. Maana yake, kama kuondoka kwa mfungaji kunapunguza nafasi yako ya kufika makundi kwa zaidi ya moja kwa nane, umeuza kwa hasara hata kama hazina ya klabu imejaa leo. Safari na kambi hula sehemu ya zawadi hiyo, lakini mizani bado inaelemea upande huo. Klabu isiyocheza mashindano ya Afrika haina hofu hii. Kwake 86,400 ni uhai wa misimu kadhaa, na ofa nzuri ichukuliwe.

Mkongwe wa kununua naye yupo

Usidhani kila senti iende kwa vijana. Yanga walimchukua Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021 akiwa na miaka 27, umri ambao wengi husema umeshapita kwa biashara. Msimu wa 2022/23 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho, Yanga wakafika fainali, na mwaka huo huo Pyramids ya Misri ikaja kumnunua. Mwaka 2025 Pyramids wakawa mabingwa wa Afrika naye akiwa mfungaji wao. Mfungaji aliyeiva hukupa mabao kuanzia mwezi wa kwanza. Kijana hukupa matumaini, na matumaini hayaingii kwenye msimamo wa ligi.

Hatari ya mfungaji tegemeo ni kuweka timu nzima mabegani mwake. Trésor Mputu wa Mazembe, mchezaji bora wa ndani ya Afrika mwaka 2009, alifungiwa na FIFA miezi 12 mwaka 2010 baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi kwenye Kombe la Kagame jijini Kigali. Mazembe hawakuanguka, kwa sababu nyuma yake walikuwepo watu. Desemba ile, Abu Dhabi, Kabangu na Kaluyituka waliifunga Internacional ya Brazili, na Kunguru wakacheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan.

Miaka kadhaa baadaye Mputu alirudi Lubumbashi kutoka Angola, miaka 30 imeshampita, akacheza kikosi kimoja na Jackson Muleka, kijana wa mji huu aliyezaliwa 1999. Mwaka 2019 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Afrika. Mwaka 2020 Muleka akauzwa Standard Liège. Mkongwe wa aina hiyo hana tena bei sokoni, lakini humpunguzia kijana mzigo hadi kijana mwenyewe awe na bei.

Fedha inayosahaulika

Klabu nyingi hufunga daftari siku ya kuuza. Kosa kubwa. Kila mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: 0.25% kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23.

Samatta aliadhimisha siku tano za kuzaliwa akiwa Mazembe, kuanzia ya 19 hadi ya 23. Kwa kanuni hiyo haki ya klabu inakaribia 2.5%. Aston Villa walipomchukua Januari 2020 kwa ada ambayo magazeti ya Uingereza yaliitaja kuwa kama pauni milioni 8.5, sehemu hiyo ni karibu pauni 200,000, miaka minne baada ya kuondoka Kamalondo.

Timu ya mtaani nayo imo. Iliyomlea mtoto kutoka miaka 12 hadi 17 ina haki ya 2%. Akija kuuzwa euro milioni 5, hiyo ni euro 100,000, mradi mtoto aliandikishwa kila msimu kwenye ligi na jina lake likawa sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mazembe wenyewe wanajua: mwaka 2011 waliitoa Simba uwanjani, kisha CAF ikawaondoa mashindanoni kwa sababu ya usajili wa Besala Bokungu.

Uchague nini?

Kama klabu yako inacheza Afrika, usimuuze mkongwe ili ukatafute chipukizi. Mlete chipukizi kwanza, wacheze pamoja msimu mmoja, ndipo uuze, na uuze kabla mkataba haujaingia mwaka wa mwisho. Kama haichezi Afrika, chukua ofa mapema, lea wa nyumbani, na andikisha kila mtoto.

Katika njia zote mbili dai asilimia ya mauzo yajayo. Klabu ya Ulaya inayokataa kukuongezea dola 50,000 leo mara nyingi hukubali kukupa 15% ya kesho. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi wa kijana, jiandae kuombwa vivyo hivyo na klabu iliyomlea. Mpe: asilimia ya kesho hailipwi kama kijana hakufaulu.