Daktari wa Wanyama Hukomalia Porini

Kijana aliyehitimu udaktari wa wanyama huijua mifupa, damu na dawa. Lakini ng'ombe hufungwa kamba, gorila hafungwi. Kwa hiyo atakaye kuwatibu wanyama wa porini hana budi kupata mafunzo ya kazi chini ya daktari mzoefu, hifadhini au katika makao ya wanyama yatima, kama yale yaliyoanzishwa Entebbe, Uganda, mwaka 1952. Huko hujifunza kukadiria uzito kwa macho, kumpiga mnyama mshale wenye dawa ya usingizi, na kuilinda pumzi yake hadi azinduke. Dawa ikizidi, mnyama hufa. Ikipungua, daktari yumo hatarini.

Tena hujifunza kutafuta chanzo cha maradhi. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi, Uganda, walipatwa na upele, manyoya yakanyonyoka. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa kwanza wa wanyama wa porini katika hifadhi za nchi hiyo, aliwatibu. Mtoto wao mmoja alikufa, wengine walipona. Ilidhaniwa kuwa upele huo ulitoka kwa watu, kwa nguo chafu zilizovikwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Mwaka 2003 alianzisha shirika la kuhudumia afya ya wanyama pamoja na ya wanavijiji.

Basi, ndugu msomaji, askari wa hifadhi asiyewakaribia gorila akiwa na kikohozi, na mama afuaye nguo za wanawe, wote ni wasaidizi wa daktari huyo.