Nani Bora Katika Timu ya Magongo ya Kenya?

Muhula uliopita ugomvi ulizuka katika chama chetu cha mpira wa magongo, nao ukatugawa hata mezani kwa muda wa wiki nzima. Mwalimu wetu wa michezo alituletea ubao wa mvule uliopigwa randa vizuri, akasema, "Chagueni wachezaji kumi na mmoja walio bora tangu chama kilipoanza. Fundi atayachonga majina yao, nasi tutautundika ubao ukumbini." Hakusema zaidi, akaenda zake. Mimi ndimi katibu wa chama, basi mzigo ukaniangukia. Jioni ile ile nilikuwa na majina arobaini, na kijana mmoja alikuwa amenipa jina la kaka yake mara tatu.

Nilipoona hatufiki popote, niliwaomba wenzangu tujizoeze kwanza kwa timu ambayo hamna ndugu yetu hata mmoja ndani yake. Tukaichagua timu ya taifa ya jirani zetu wa Kenya. Haya ninayoandika ndiyo tuliyojifunza katika zoezi hilo, na mahali ambapo wenzangu hawakukubaliana nami nitasema.

Labda msomaji anayejua kandanda tu atauliza, kwa nini Kenya? Kwa sababu katika Afrika yetu ya Mashariki hakuna timu ya mchezo huu iliyosimama na wakubwa wa dunia kama hiyo. Ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, ikawa ya 10. Roma mwaka 1960 ilikuwa ya 7, Tokyo mwaka 1964 ya 6, na Mexico mwaka 1968 ya 8. Kisha mwaka 1971 Kombe la Dunia likachezwa kwa mara ya kwanza, huko Barcelona, timu 10 zikishindana. Kenya iliingia nusu fainali, ikafungwa na Hispania bao 1 kwa 0. Katika kuwania nafasi ya tatu ilifungwa na India 2 kwa 1, tena baada ya muda wa nyongeza. Ikawa ya nne duniani. Mpaka leo hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyopanda juu ya hapo katika Kombe hilo.

Sasa, mchezo huu ulifikaje Nairobi ukastawi hivyo? Watu wengi wa Punjab walikuja kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, na Wagoa wakaja kufanya kazi za ukarani katika reli na serikali. Katika nchi walikotoka magongo ulikuwa mchezo mkubwa. India ilishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo, tangu 1928 mpaka 1956. Huku Nairobi Masingasinga walikuwa na kilabu chao, Sikh Union, na Wagoa walikuwa na vyao, nao wakashindana kila Jumamosi na Jumapili kwa wivu mwema na pengine usio mwema sana. Tena mwishoni mwa mwaka 1947 Dhyan Chand mwenyewe alikuja Afrika ya Mashariki na timu ya India. Umri wake ulikuwa umepita miaka arobaini, na hata hivyo aliendelea kufunga mabao. Huyo ndiye aliyeshinda dhahabu tatu, za 1928, 1932 na 1936.

Nawaomba mkumbuke jambo moja ambalo watu husahau wanapotaja mabingwa wa zamani. Wakati wa ukoloni shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika mbali. Viwanja vya magongo vilikuwa katika zile mbili za kwanza na katika vilabu vyao. Ndiyo maana majina ya timu ya miaka ya 1960 ni karibu yote ya Masingasinga na Wagoa. Silisemi neno hili ili kuwapunguzia sifa, kwa kuwa waliitoa jasho wenyewe. Nalisema kwa sababu mtu akiniambia, "Chagua walio bora katika historia yote," sharti nijue kwanza kwamba wengine hawakupewa hata gongo la kushika.

Haya, tuchague. Jina la kwanza halikutuchukua hata dakika tano, nalo ni Avtar Singh Sohal, ambaye rafiki zake walimwita Tari. Alicheza nyuma, fulbeki. Aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, tangu 1960 mpaka 1972, na alikuwa nahodha miaka mingi. Alicheza mechi 167 za kimataifa, hesabu ambayo ilitajwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Fikirini hesabu hiyo katika siku ambazo timu zilisafiri mara chache, wala hapakuwa na mashindano ya kila mwaka kama sasa.

Lakini mwenzetu mmoja, fowadi wa kushoto mwenye maneno mengi, alipinga. Akasema, "Kucheza sana si kucheza vizuri. Hata jiwe la pembeni mwa uwanja limekuwapo katika kila mechi." Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki, nami nikafikiri usiku kucha jinsi ya kulijibu. Jibu langu ni hili. Fulbeki wa magongo hana mahali pa kujificha. Gongo lina upande mmoja tu uliobapa, nao ndio unaoruhusiwa kuupiga mpira. Mshambuliaji akikujia kwa upande wako dhaifu, sharti uligeuze gongo haraka au uzungushe mwili wako wote. Bao halihesabiwi isipokuwa mpira umeguswa na mshambuliaji ndani ya duara lililo mbele ya lango, basi kazi yote ya fulbeki ni kumzuia mtu asiingie duarani na mpira. Tena akimzuia vibaya ndani ya duara anawapa adui kona fupi, na kona fupi ni nusu ya bao. Mtu hawekwi mahali hapo miaka kumi na miwili kwa urafiki. Timu iliyoongozwa naye ilipoteza nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa bao moja tu. Fowadi wetu alinyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

Wa pili ni Surjeet Singh Panesar, hafubeki, ambaye naye alikwenda Olimpiki nne, 1960 mpaka 1972. Mimi mwenyewe hucheza hafubeki, kwa hiyo mniwie radhi nikipendelea. Hafubeki hukimbia kurudi nyuma kusaidia walinzi, kisha hukimbia kwenda mbele kuwalisha mafowadi, na mwisho wa mechi watu huwabeba mafowadi mabegani. Siku za Panesar mchezo ulikuwa dakika 70, vipindi viwili vya dakika 35, wala hapakuwa na kuingia na kutoka kama leo. Siku hizi mchezo una robo nne za dakika 15, na mchezaji aliyechoka hutoka akanywa maji, akarudi. Ukitaka kumpima mtu wa mwaka 1964 kwa mtu wa leo, kumbuka maji hayo.

Tena kumbuka nyasi. Wazee hao walicheza juu ya nyasi za kweli au udongo, ambapo mpira huruka bila kutazamiwa, na ufundi mkubwa ulikuwa katika viganja vya kuusimamisha. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa mara ya kwanza mchezo ulichezwa juu ya nyasi bandia, na tangu hapo umekuwa mchezo wa mbio na nguvu. Nchi zisizo na fedha za kuweka viwanja hivyo zilianza kubaki nyuma. Uwanja wetu wa shule una shimo karibu na lango la kusini, ambalo wageni hulilalamikia na sisi twalijua kwa moyo, basi naelewa vizuri maana ya kujua uwanja wako.

Katika mafowadi nilimchagua Hilary Fernandes, wa Olimpiki tatu, 1960, 1964 na 1968. Hapa wengine walitaka Alu Mendonca, na kelele zikawa nyingi. Mwisho tuliwaandika wote wawili. Msidhani akina Fernandes wote walikuwa ndugu. Jina hilo kwa Wagoa limeenea sana, na katika timu ya Kenya waliwahi kuwapo Fernandes wengi hata watangazaji, nadhani, walichoka. Edgar, Egbert, Leo na Silvester wote walivaa jezi ya Kenya.

Lakini kiti kilichotupa taabu kuliko vyote si cha hao. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizokataa kushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na New Zealand haikufukuzwa michezoni. Timu ya magongo ya Kenya haikucheza. (Ajabu ya Mungu, dhahabu ya magongo mwaka huo ilichukuliwa na New Zealand hao hao.) Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Ilirudi Los Angeles mwaka 1984, ikawa ya 9. Basi kati ya 1972 na 1984 ilipita miaka kumi na miwili. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwanzoni mwake alikuwa na thelathini na miwili mwishoni. Pengine fulbeki aliyemshinda Avtar alicheza wakati huo, dunia isimwone. Tumpime kwa kipimo gani?

Wengine wakasema, asiyeonekana hahesabiwi, na ndivyo michezo ilivyo. Mimi nilikataa. Nilisema kwamba wale waliobaki nyumbani mwaka 1976 hawakushindwa na mtu. Walibakizwa na jambo kubwa kuliko mpira, tena jambo la haki. Sisi wa Uganda tusiwe wepesi wa kusema vinginevyo. Timu yetu ya magongo ilikwenda Olimpiki mara moja tu, Munich mwaka 1972, ikawa ya 15 katika timu 16. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wenye asili ya Asia, na mwezi ule ule wa Agosti ilikuwa imetangazwa kwamba Waasia watolewe nchini kwa siku 90. Walivaa rangi za nchi ambayo baadhi yao hawakuwa tena na nyumba ya kurudia. Ukisoma "15 katika 16" bila kujua hilo, umesoma nini?

Kwa ajili ya viti vya mwisho tuliwatazama wa miaka ya baadaye. Mwaka 1987 Kenya ilishinda dhahabu ya magongo katika Michezo ya Afrika iliyofanywa Nairobi, na mwaka 1988 ikaenda Seoul, ikawa ya 12. Timu hiyo ilikuwa na majina ya Kiafrika na ya Kiasia pamoja, watoto wa shule ambazo hazikutengwa tena. Mimi nilimpendekeza Lucas Alubaha. Fowadi wetu akasema ya 12 ni chini ya ya 6, na hesabu haidanganyi. Tukapiga kura: sita kwa tano, Alubaha akaingia. Naungama kwamba kura ya sita ilikuwa yangu.

Golikipa hatukumaliza kumchagua, maana kengele ya sala ililia. Nadhani makipa daima hupata taabu hii. Bao huandikwa vitabuni, lakini mpira uliozuiwa haupati hata mstari mmoja.

Sasa niwaambie kwa nini sikuweza kulala kwa ajili ya ubao ule. Mwalimu alikuwa ameshauri kwamba tusimwandike mtu aliyecheza chini ya miaka mitatu, ili tusibishane. Ni kanuni safi, nami niliipenda siku ya kwanza. Lakini katika kidato chetu alikuwapo kijana mmoja, hafubeki, ambaye alinifundisha mimi kuligeuza gongo. Alicheza muhula minne tu. Karo ikakosekana nyumbani, akaondoka kabla ya kidato cha tatu, na sasa anachuuza mkaa kando ya barabara kuu. Niliowahi kuwaona kwa macho yangu mwenyewe, hakuna aliyemfikia.

Niliwaeleza wenzangu habari za mwaka 1976 mara ya pili, safari hii bila kutaja Kenya. Hakuna aliyeuliza ninasema nini. Fowadi wa kushoto ndiye aliyelitamka jina lake kwanza. Nikaenda kwa mwalimu nikamwomba ruhusa kuhusu ile kanuni ya miaka mitatu. Alifikiri kidogo, akauliza tu kama jina lake huandikwa kwa herufi moja ya "l" au mbili.

Fundi alianza kuchonga Jumatatu. Jina hilo ni la saba kutoka juu. Mahali pa golikipa bado ni pakavu, na watu watatu wanagombana.